Hatamu: jinsi ya kulielewa na kulitumia hili neno bila kuchekwa (mwongozo kamili)

Kikoba chetu kilipochagua katibu mpya mi ndo nilikuwa admini wa grupu, so nikaona niandike pongezi ya kueleweka, nikaandika kwa mbwembwe kabisa "Hongera dada yetu kwa kushika hatamu la kikundi". Maua yakamiminika, makofi yakamiminika, alafu mzee mmoja memba wetu, mzaliwa wa Amu (yaani Lamu, Kenya), akatupia mstari mmoja tu: "Mwanangu, hilo hatamu ni la punda yupi?"

Grupu zima likacheka na mimi nikacheka ila moyoni nimenuna. Jioni nikampigia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwambia leo umenianika, akasema sijakuanika, umejianika mwenyewe, kaa nikuelezee. Tukaongea mpaka bando langu likakata. Mengi ya hapa chini yalianzia kwenye ile simu, mengine nimeyachimba mwenyewe baadaye maana mi nikishaaibika huwa nachimba sana.

Hatua ya 1: Anza na mnyama kabla ya kufika kwa rais

Wengi wetu hili neno tumelisikia kwenye taarifa ya habari tu, "ameshika hatamu za uongozi", kwahiyo kichwani tunajua hatamu ni kama cheo hivi, au kiti. Hapana. Hatamu ni kamba, kamba kabisa ya kushika kwa mkono, au mkanda wa ngozi.

Mchukue farasi aliyevalishwa kila kitu. Mgongoni ana seruji, yaani kile kiti cha kukalia, wengine wanasema tandiko tu. Pembeni zinaning'inia vikuku, ndo zile pete za chuma za kukanyagia, usizichanganye na vikuku vya dada zetu vya mguuni ingawa neno ni hilohilo. Mdomoni ana lijamu, hiki ni chuma kinachopita ndani ya mdomo toka upande mmoja mpaka mwingine, na ukijiuliza mbona hatafuni hicho chuma jibu ni kwamba farasi ana pengo kati ya meno ya mbele na magego, pale hamna meno kabisa ni ufizi mtupu, chuma kinalala hapo. Huku na huku kwenye ncha za lijamu kuna pete, na kwenye hizo pete ndo inafungwa hatamu inayorudi nyuma mpaka mikononi mwa mpandaji. Wengine huiita kigwe. Kwahiyo lijamu iko mdomoni kwa mnyama, hatamu iko mkononi kwako, ukilishika hilo tu umeshawapita waandishi kibao.

Sasa hapa ndo penyewe, usiparuke. Mtu asiyejua anadhani farasi anaongozwa kwa kuvutwa, unavuta kulia anaenda kulia, kama mkokoteni. Wanaojua hawavuti hivyo. Wanashika hatamu kiasi kwamba mkono unausikia mdomo wa farasi na mdomo unausikia mkono, wanabana kidogo, anaitika, wanaachia palepale. Kule kuachia ndo asante anayoielewa. Ukikaza muda wote farasi anazoea maumivu, mdomo unakuwa sugu, mwishowe unavuta kwa nguvu zako zote na yeye anaenda anakotaka. Na ukilegeza kabisa nako ni vilevile, siku akishtuka na mfuko wa plastiki unaopepea anatoka mbio na wewe uko juu kama mzigo. Yule mnyama ana kilo 400, 500, wewe una 70, huna nguvu ya kumshinda hata siku moja, ulichonacho ni kamba na akili ya lini ukaze lini ulegeze.

Nilimuuliza mzee kama punda wa Amu nao wanatiwa lijamu, akacheka. Akasema punda wengi kule ni kamba tu na kifimbo na mdomo wako mwenyewe wa kumsemesha, anajua vichochoro kuliko wewe, amebeba shogi (yale makapu ya mzigo ya mgongoni) pande mbili za mchanga au mawe anapita kwenye njia ambayo watu wawili wanapishana kwa ubavu. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na mpaka leo punda ndo pikapu yao, hadi wana kliniki ya punda, ipo tangu 1987. Kwahiyo yeye neno hatamu halioni kama neno la kwenye TV, ni kitu ambacho ukikiachia vibaya mchanga wa watu unamwagika.

Hatua ya 2: Jua limetoka wapi

Ni Kiarabu, khitam, kamba ya kumwongozea ngamia, inayofungwa kwenye pua au mdomo wake, na hata lenyewe limetokana na neno la Kiarabu la pua na mdomo wa mnyama. Lijamu nayo ni Kiarabu, ambao wenyewe waliitoa kwa Waajemi. Seruji pia Kiarabu. Farasi Kiarabu. Ila punda ni wetu, neno la kibantu hilo, utalikuta kwenye lugha kibao za huku.

Ukiuliza kwanini kila kitu cha farasi kimekuja na jahazi jibu ni mbung'o. Sehemu kubwa ya ukanda wetu mbung'o walikuwa wanaua farasi kwa nagana, na kuna ule ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika unaoletwa na visubi, wakifika wanakufa, basi hakukuwa na sababu ya sisi kuwa na maneno yao. Farasi walikuwa wa masultani na wakubwa wa pwani, watu wachache. Ndo maana hatamu ilikuja kama neno la watu wa juu na imebaki huko juu mpaka leo, mtaani tunasema kamba. Nani ana farasi Mbagala?

Wanaosoma Biblia wanalijua pia. Zaburi ya 32 aya ya 9 ina lijamu na hatamu pamoja, na Waraka wa Yakobo sura ya 1 aya ya 26 unaongelea ulimi kuzuiwa kwa hatamu. Alafu sura ya 3 anataja lijamu za farasi na hapohapo anataja usukani wa merikebu, hiyo mifano miwili iweke akilini tutairudia.

Hatua ya 3: Elewa kwanini linanuka siasa

Kama una miaka zaidi ya 40 na umekulia Tanzania nikisema "hatamu" kichwani kwako kuna maneno mawili yanajipanga mbele yenyewe: Chama kushika. CHAMA KUSHIKA HATAMU. Ilikuwa kwenye hotuba, kwenye kuta, kwenye mabango. Mwaka 1975 Katiba ilibadilishwa TANU, chama tawala cha bara, ikawekwa juu ya vyombo vingine vyote vya nchi, tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP ya Zanzibar zikaungana ikazaliwa CCM, na msimamo ukawa huohuo, chama ndo kinaongoza serikali.

Na waliochagua hilo neno kwakweli hawakukosea, angalia walivyolipanga. Hawakusema chama kushika madaraka. Madaraka anayo waziri, anayo mkuu wa mkoa, anayo mkurugenzi. Kwenye hiyo picha serikali ndo farasi, inakimbia, ina miguu, ina bajeti, ina nguvu zake, chama kiko juu na kamba mkononi. Kama hujui hatamu ni nini unasikia "chama kinatawala", ukijua unasikia kitu kingine kabisa.

Ikaja 1985. Mwalimu Nyerere akang'atuka, neno lenyewe kung'atuka linasemwa ni la kwao Kizanaki, na tarehe 5 Novemba Mzee Ali Hassan Mwinyi akaapishwa kuwa rais. Swali la mtihani: hapo nani ameshika hatamu? Ukisema Mwinyi nakupa nusu. Nyerere aliendelea kuwa mwenyekiti wa CCM mpaka 1990, na kama hatamu ziko kwa chama basi hesabu piga mwenyewe. Kwa ile miaka mitano ukiandika "Mwinyi alishika madaraka ya urais 1985" umeandika kitu kisichopingika, ukiandika "alishika hatamu 1985" kuna mzee fulani mahali atakuandikia barua. Hii ndo tofauti ninayotaka uione, cheo kina tarehe ya kuapishwa, hatamu inabidi uangalie mkono wa nani unavuta. Vyama vingi viliporudi 1992 ile kauli ikakosa pa kusimama kisheria ila neno likabaki, tena likapanda daraja, likawa la kila kiongozi, kila kocha, na admini wa kikoba kama mimi.

Hatua ya 4: Ngeli (fupi, ila ndo iliyoniua)

Hatamu ni ngeli ya I/ZI. Hatamu hii, hatamu hizi, hatamu ya, hatamu za. Hakuna "hatamu la", hakuna "mahatamu". Kwa uongozi watu wengi wanatumia wingi, hatamu za uongozi, na inaeleweka maana zinashikwa kushoto na kulia, lakini "hatamu ya uongozi" nayo sio dhambi. Ukichagua moja baki nayo, usianze na za aya ya kwanza ukamalizia na ya. Na usitengeneze kitenzi, "kuhatamu nchi" haipo, acha.

Hatua ya 5: Chagua kitenzi kinachokaa nayo

Kuanza: kushika, kutwaa, kuchukua, kupokea, kukabidhiwa. Hizi sio sawa. Kukabidhiwa kuna aliyekupa kwa hiari yake, kwahiyo unaweza kuandika bila wasiwasi kwamba tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki alikabidhiwa hatamu za Kenya pale Uhuru Park na Moi mwenyewe akiwepo. Kutwaa kuna ushindani ndani yake, mtu kazitolea jasho. Kupora sasa hiyo ni mapinduzi, usimwandikie mtu aliyepita kwenye uchaguzi labda kama umejipanga.

Kuendelea: kushikilia, kung'ang'ania (hii ina lawama ndani yake), kukaza, kulegeza. Kumaliza: kuachia, kukabidhi, kupokonywa.

Alafu kuna kitu kidogo cha wakati ambacho kinaharibu sentensi nyingi sana. "Alishika hatamu" inaonyesha ile siku, ule muda mkono ulipokamata kamba. "Ameshika hatamu" inaonyesha sasahivi ziko mkononi. Kwahiyo sentensi kama "Moi alishika hatamu kwa miaka 24" inakwaruza, ni kama unasema alikamata kamba kwa miaka 24, andika "Moi alishika hatamu 1978 na akazishikilia kwa miaka 24". Soma zote mbili kwa sauti utasikia. Ni kama kusema "alikaa" na "amekaa", mtoto wa miaka mitatu hakosei hiyo ila mtu mzima akishika kibodi anakosea.

Hatua ya 6: Jiulize kama kuna farasi

Hiki ndo kipimo changu na mzee amekibariki. Kabla hujaandika hatamu jiulize, hiki kinachoongozwa kina nguvu zake? Kinaweza kukataa? Kinaweza kutoka mbio chenyewe? Nchi ndio. Timu ndio. Kikundi ndio, tena kikundi cha watu 30 wenye hela zao ndani ni zaidi ya farasi. Darasa la nne B ndio kabisa. Mazungumzo, mjadala, hasira, ulimi, vyote vinaweza kukutoka. Ila nimeona mtu kaandika "nimeshika hatamu za simu mpya", simu haiendi popote hiyo bana, umeinunua tu.

Na hapa ndo utaona kwanini usukani sio mapacha na hatamu japo magazeti yanazibadilisha kama soksi. Usukani umetoka kwenye chombo cha baharini, na siku hizi gari. Chombo hakina hiari, kinasumbuliwa na upepo na mawimbi ya nje, chenyewe hakikatai. Kwahiyo pale tatizo likiwa ni njia, tunaelekea wapi, mwamba uko wapi, dhoruba inakuja, sema usukani. Pale tatizo likiwa ni hiki unachokiongoza chenyewe kina kichwa chake, sema hatamu. Waziri wa fedha kwenye mtikisiko wa uchumi wa dunia kashika usukani. Kocha mpya kwenye timu ya mastaa wanaogombana kashika hatamu. Kwenye mpira usukani una kazi yake nyingine, kukaa kileleni mwa ligi, "wamerudi kwenye usukani", hiyo iache kama ilivyo usije na hatamu pale.

Kuna na mpini. Wanasema wenzetu wameshika mpini sisi tumeshika makali, hiyo ni ya watu wawili na kisu kimoja, nani ataumia wakivutana, haihusu kuongoza. Mwenye nyumba na mpangaji, mwajiri na kibarua, hapo ni mpini. Na dola, "kushika dola", ni serikali yenye polisi na jeshi na hazina, huwezi kushika dola ya kikoba hata mweka hazina akiwa mkali namna gani.

Hatua ya 7: Usilichanganye na majirani zake

Hatima ni mwisho, majaliwa. "Hatima ya kikundi iko mikononi mwake" sawa kabisa, "hatamu za kikundi ziko mikononi mwake" sawa kabisa, ila sio kitu kimoja, ya kwanza inasema tutapona au tutazama kwa sababu yake, ya pili inasema yeye ndo anaendesha. Ukiandika "ameshika hatima za uongozi" umechanganya chumvi na sukari. Na kuatamia ni kuku kulalia mayai, linaanza na a, watu wanaliongezea h mbele linakuwa "kuhatamia" na mwisho unasoma rais kahatamia nchi. Nimecheka peke yangu kwenye daladala na hiyo.

Simu nayo, ukiandika hatamu baadhi ya kibodi zinageuza kuwa kitu kingine, rudia kusoma kabla hujatuma.

Hatua ya 8: Kama unatafsiri, weka kamba chini kwanza

Waingereza wana misemo kibao ya hatamu na wao walikuwa na farasi kila zizi kwahiyo kwao inakaa. Tena kwao neno la hatamu (rein) linatamkwa sawasawa na neno la kutawala kifalme (reign) na sawasawa na neno la mvua (rain), wenyewe kwa wenyewe wanakosea kila siku kuandika, kwahiyo hakikisha uliyonayo mbele ni kamba kweli. Sasa wao wakitaka kusema mtu kapewa uhuru wa kufanya atakavyo wanasema amepewa hatamu huru (free rein), na mtafsiri wetu anaandika hivyohivyo, "alipewa hatamu huru". Kwa Kiswahili hiyo inageuka kichwa chini, maana ukimpa mtu hatamu umempa uongozi, na wao walikuwa wanamwongelea farasi aliyelegezewa. Sema kaachiwa uwanja, kapewa ruhusa afanye atakavyo, yamekwisha. Wakisema kuvuta hatamu za matumizi sisi tuna kubana matumizi, kufunga mkanda. Wakisema bosi kapunguza ukali, sisi tuna kulegeza kamba, ambayo ukiiangalia vizuri ni hatamu ileile imevua suti.

Hatua ya 9: Jipime

Jaribu hizi bila kurudi juu. "Mwalimu mkuu mpya ameshika hatamu la shule." "Kapteni alishika hatamu za meli kwenye dhoruba." "Mwenyekiti alishika hatamu kwa miaka kumi." "Dereva ameshika hatamu za basi." "Baba alipofariki kaka mkubwa alitwaa hatamu za ukoo."

Ya kwanza ni ngeli tu, hatamu za shule. Ya pili usukani, labda kama mabaharia wamegoma, hapo hatamu inarudi na inakuwa tamu sana. Ya tatu azishikilie. Ya nne usukani hata usifikirie mara mbili. Ya tano inategemea, kama wadogo zake walikubali basi alikabidhiwa, kama waligombana msibani basi alitwaa, na kama baba alikuwa hajazikwa bado basi wewe mwenyewe unajua kitenzi.

Ile pongezi yangu nilishaiedit. Kwanza nilitoa la nikaweka za, nikamtumia mzee aikague kabla sijaitupia tena. Akakaa kimya kama dakika kumi alafu akaandika: "Sasa ngeli imekaa. Ila mwanangu, katibu huyo anaandika mihutasari tu, funguo ya sanduku anayo mama mweka hazina. Nani ameshika hatamu?" Nikaandika "Hongera dada yetu kwa kuchaguliwa kuwa katibu."